Mti wa Krismasi na Amri ya Saba

Katika daftari la mapato na matumizi la mji wa Sélestat, huko Alsace, la mwaka 1521, umo mstari mmoja mfupi unaohusu Krismasi. Mji uliwalipa walinzi wa msitu shilingi nne ili wailinde miti kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, yaani tarehe 21 Desemba. Basi. Hakuna neno juu ya nyota, wala malaika, wala mishumaa. Kilichoandikwa ni ujira wa askari wa msitu, kwa sababu siku chache kabla ya Noeli watu walikuwa wakiingia msituni na shoka na kutoka na mti usio wao.

Mstari huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa tulio nao juu ya mti wa Krismasi. Nimeutanguliza kwa makusudi, kwa kuwa mabishano ninayoyasikia sharikani kila Majilio yanaanzia kwingine. Huulizwa: je, mti huu si upagani? Je, si sanamu? Anayeuliza hufungua Yeremia sura ya 10, pale nabii anapomsimulia fundi aukataye mti msituni, akaupamba kwa fedha na dhahabu na kuukaza kwa misumari usitikisike. Hilo ni swali la Amri ya Kwanza, nalo lina jibu lake. Lakini karani wa Sélestat hakuhangaishwa na Amri ya Kwanza. Yeye alihangaishwa na ile ya Saba, kama tunavyozihesabu amri katika Katekisimo Ndogo: amri inayokataza wizi.

Mwaka wenyewe, 1521, si mgeni kwetu Walutheri. Mwezi wa Aprili Martin Luther alisimama Worms mbele ya Kaisari. Mwezi wa Desemba, wakati walinzi wa Sélestat wakizunguka msituni kwa shilingi zao nne, yeye alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, kule Wittenberg, mwenzake Andreas Karlstadt aliongoza Chakula cha Bwana bila mavazi ya kikuhani, akawapa washarika mkate na divai pia. Wiki chache baadaye watu walianza kubomoa sanamu makanisani kwa nguvu. Luther alitoka mafichoni, akarudi Wittenberg mwezi wa Machi 1522 na kuhubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu. Alichokataa ni kulazimishana: jambo ambalo Mungu hakuliamuru wala hakulikataza lisigeuzwe kuwa sheria, na dhamiri ya ndugu isiburutwe kwa kamba. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, katika sehemu yake ya kumi, iliyaita mambo ya namna hiyo adiafora, yaani mambo yaliyo huru.

Nadhani hapo swali la kwanza limejibiwa, wala sitalirudia. Yeremia anasema juu ya gogo lililochongwa likapewa jina la mungu, likabebwa kwa kuwa haliwezi kutembea. Katika miaka yangu ya uchungaji sijaona mshirika akiuomba msaiprasi mvua. Usharika ukipenda kuweka mti, uweke. Usipopenda, Krismasi itakuwa Krismasi ileile. Anayesema bila mti hakuna sikukuu, na anayesema penye mti hakuna wokovu, wote wawili wameongeza amri ya kumi na moja.

Turudi Alsace, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikokolea. Mwaka 1561 mji wa Ammerschwihr ulitunga sheria ya msitu: hakuna mwenyeji atakayekuwa na mti zaidi ya mmoja kwa ajili ya Krismasi, na urefu wake usizidi viatu vinane. Kipimo chao kilikuwa kiatu, kama sisi tulivyopima kwa dhiraa na hatua. Fikiri maana ya sheria hiyo. Tayari desturi ilikuwa imeenea kiasi cha kuutisha msitu, na tayari walikuwepo watu wa kuchukua miwili mitatu, au wa kutafuta mrefu kuliko wa jirani. Kamati nyingi za mazingira za siku hizi zingeipitisha sheria hiyo bila kubadili neno.

Kwa nini walitaka mti hasa? Katika kalenda ya kanisa la kale la magharibi, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Makanisani na viwanjani watu waliigiza habari ya bustani ya Edeni, na kwa igizo hilo walihitaji mti wenye matunda. Lakini Ulaya mwezi wa Desemba mtofaa ni mifupa mitupu. Jani moja huoni. Basi walichukua mti usiopukutisha majani wakati wa baridi, jamii ya msonobari, wakautundikia matofaa. Msafiri mmoja aliyepita Strasbourg mwaka 1605 aliandika kwamba watu wa mji ule husimamisha miti hiyo ndani ya vyumba vyao, wakaipamba kwa mawaridi ya karatasi za rangi, matofaa, mikate myembamba, karatasi za dhahabu na vitu vya sukari. Wapo waliofafanua kuwa ile mikate myembamba ilikuwa ukumbusho wa mkate wa Meza ya Bwana: kwenye mti wa anguko ukatundikwa mkate wa msamaha. Mimi naupenda ufafanuzi huo, ingawa msafiri mwenyewe hakuutoa. Yeye alitaja tu alichokiona.

Wachungaji wetu hawakufurahi wote. Katika miaka ya 1640 Johann Conrad Dannhauer, mhubiri wa kanisa kuu la Strasbourg na mwalimu wa Spener tunayemsoma katika historia ya Upietisti, aliulalamikia mti huu katika maandiko yake ya kufundishia katekisimo. Aliuweka katika kundi la mambo madogo madogo ambayo watu huyashughulikia kuliko Neno la Mungu. Hakujua desturi ilikotoka, akaiita mchezo wa watoto, na akaona afadhali watoto waelekezwe kwa Kristo, ambaye ndiye mwerezi wa kweli. Kwa hiyo yule mzee wa kanisa asiyependa mti asidhani kuwa ameacha Ulutheri. Amesimama karibu na Dannhauer, na hapo si mahali pabaya pa kusimama.

Hapa niseme neno juu ya Luther mwenyewe. Wengi tumesimuliwa kuwa usiku mmoja wa baridi alikuwa akirudi nyumbani, akaona nyota ziking'aa katikati ya matawi, akakata mti na kuuwasha mishumaa ili wanawe waione mbingu aliyoiona. Hadithi ni tamu. Lakini haimo katika maandiko yake, wala katika yale mazungumzo ya mezani ambayo wanafunzi wake waliyanakili hata alipokuwa akilalamika juu ya tumbo. Ilipata nguvu katika karne ya 19, hasa baada ya msanii Carl August Schwerdgeburth kutoa mwaka 1843 picha ya familia ya Luther imeuzunguka mti wenye mishumaa. Picha iliingia majumbani, na picha ikishaingia nyumbani huwa ushahidi. Ipo na hadithi nyingine, kwamba Luther alisema angepanda mche wa mtofaa hata kama angejua dunia inaisha kesho. Hiyo nayo haijaonekana popote kabla ya mwaka 1944, ilipotokea katika barua ya kanisa huko Hesse, Ujerumani ikiwa inateketea kwa vita. Basi maskini Luther ametwishwa miti miwili, mmoja wa kukata na mmoja wa kupanda, naye hakugusa hata mmoja.

Miji ya Riga na Tallinn, katika nchi za Baltiki, husema kwamba wao ndio waliotangulia kusimamisha mti, tangu karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Wanahistoria wanaendelea kubishana nao. Nawataja kwa sababu nyingine. Vijana wawili wa misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliouawa Akeri, Meru, mwezi wa Oktoba 1896, walikuwa watu wa nchi hizohizo za Baltiki. Waliosoma Makumira wanajua kuwa Akeri si mbali. Wale vijana hawakufika kwenye Krismasi ya mwaka huo. Waliowafuata, Meru na Kilimanjaro, na wenzao wa Betheli kule Usambara, walikuja na kitabu cha nyimbo, na katekisimo, na kumbukumbu ya mti wa nyumbani kwao uliowashwa mishumaa usiku wa tarehe 24. Ndivyo ulivyotufikia. Haukuja kama fundisho. Ulikuja kama chakula cha utotoni anachokitamani mgeni akiwa mbali na mama yake.

Kabla haujatufikia, kwao wenyewe ulikwisha kuleta shida. Misitu ya Ujerumani ilikuwa imekatwa sana, na katika karne ya 19 watu walianza kutengeneza miti ya Krismasi kwa manyoya ya bata bukini, yaliyopakwa rangi ya kijani na kufungwa kwenye nyaya. Watu hudhani mti wa plastiki unaouzwa Kariakoo ni uvumbuzi wa kizazi hiki kisicho na subira. Kumbe babu yake ni unyoya, na sababu mojawapo ilikuwa huruma kwa msitu.

Marekani ndiko mti ulikokutana na upinzani mkali zaidi, na ndiko ulikopata shamba lake. Mwaka 1659 serikali ya Wapuritani wa Massachusetts ilipiga marufuku kuadhimisha Krismasi, faini shilingi tano. Sheria ile ilifutwa mwaka 1681, lakini mawazo yake yaliishi muda mrefu. Mwaka 1851 mchungaji wetu mmoja, Heinrich Christian Schwan, alifika Cleveland, Ohio, kulichunga kanisa la Kilutheri la Sayuni. Alizaliwa Ujerumani, akawa ametumika Brazili kabla ya hapo. Krismasi yake ya kwanza mjini aliweka kanisani mti uliowashwa mishumaa. Washarika wake Wajerumani walilia kwa furaha. Majirani waliokuwa wa makanisa mengine walisema amewasujudisha watu mbele ya kichaka. Mambo hayakuishia kwenye maneno: inasimuliwa kuwa washarika walitishwa kwamba watanyimwa kazi na biashara zao zitasuswa. Schwan hakupigana. Alikwenda kuuliza, akasoma, akaandikia watu barua ili ajue kama desturi hii ni ya Kikristo au ni ya kabila lake tu. Alipotosheka, mti ulirudi. Baadaye alichaguliwa kuwa mkuu wa Sinodi ya Missouri na kuiongoza zaidi ya miaka 20. Napenda jinsi alivyolishika jambo lile. Alitofautisha imani yake na mapenzi ya kwao, akakubali kwanza kuulizwa.

Mwaka uleule wa 1851 mtu mmoja wa milima ya Catskill, Mark Carr, alipakia miti kwenye magari mawili ya kuburutwa na maksai juu ya theluji, akaishusha New York sokoni, akalipia sehemu ya kando ya barabara dola moja, akauza yote. Miti ile alikuwa ameikata tu mlimani. Hakuipanda. Kwa miaka 50 iliyofuata biashara yote ilikuwa ya namna hiyo: mtu anapanda mlimani, anakata, anauza, na mwakani anapanda juu zaidi. Chicago ililetewa miti kwa meli kutoka kaskazini mwa Ziwa Michigan. Mwezi wa Novemba 1912 meli iitwayo Rouse Simmons, ya nahodha Herman Schuenemann, ilizama katika dhoruba ikiwa imejaa miti, na mabaharia wote wakapotea. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1971 chini ya ziwa, na shehena ya miti ikiwa bado imo ndani. Mjane wake, Barbara, na binti zake waliendelea na biashara ile ili waishi.

Katika miaka hiyo wapo Wamarekani walioanza kuuliza swali la karani wa Sélestat. Rais Theodore Roosevelt, aliyejulikana kwa kuhifadhi misitu, hakuweka mti Ikulu mwaka 1902. Mwanawe mdogo, Archie, akauficha wake kabatini. Ila wakati huo jibu lilikuwa tayari ardhini, kwa mkulima mmoja karibu na mji wa Trenton, New Jersey. W. V. McGalliard mwaka 1901 alipanda miche 25,000 ya msonobari wa Norway katika shamba lake. Halafu akangoja. Mwaka 1908 alianza kuuza, dola moja kwa kila mti. Kwa wasiolima, hiyo ni habari ya biashara. Kwa mkulima ni habari ya miaka saba ya kupalilia kitu ambacho hakiliki, hakikamuliwi, wala hakiazimiwi fedha, kwa ajili ya siku moja ya mwaka. Wengine walifuata, akiwemo Rais Franklin D. Roosevelt, ambaye katika ardhi yake ya Hyde Park alilima miti ya Krismasi na alipenda kujitambulisha kuwa mkulima wa miti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashamba hayo yalienea, na ndipo ilipokua desturi ya mnunuzi kwenda mwenyewe shambani, kuchagua mti wake ukiwa bado umesimama, na kuukata kwa mkono wake. Mimi niliiona Pennsylvania, nilipotumwa na dayosisi kwa ziara ya ushirikiano na sinodi rafiki. Jumamosi iliyofuata sikukuu yao ya Shukrani, baba mwenye nyumba aliniambia, "Mchungaji, vaa mabuti, leo tunakwenda kukata mti."

Getini kila familia hupewa msumeno mdogo wa mkono. Kilima chote kimepandwa kwa mistari kama kahawa ya shamba kubwa, na miti imefungwa utepe wa rangi kulingana na urefu, ili mtu ajue bei kabla hajaupenda mno. Kuchagua kulituchukua zaidi ya saa nzima. Binti alitaka mnene, kijana alitaka mrefu, mama alizunguka kila mti akitafuta upande wenye pengo ambao ungeelekezwa ukutani. Kukata kulichukua dakika tatu. Lazima ulale chini kabisa, shavu likiwa karibu na udongo, kwa kuwa msumeno unapaswa kupita chini ya tawi la mwisho. Baba yule ni mhasibu. Sidhani kama kuna siku nyingine katika mwaka analala kifudifudi kwenye matope. Kisha mti hupelekwa kwenye mashine inayoutikisa ili majani makavu yaanguke, ukavutwa kupitia tundu lenye wavu, ukatoka umefungwa kama kitumbua kwenye gazeti. Nyumbani wanakata tena kipande chembamba cha shina, kwa sababu utomvu huziba mahali palipokatwa na mti ukashindwa kunywa. Ukikatwa upya na kuwekwa majini, unaweza kunywa hata lita nne katika siku ya kwanza.

Lakini kilichonikaa moyoni ni visiki. Kati ya miti iliyosimama vilikuwepo visiki vya mwaka ule na vya mwaka uliopita, na kando ya kila kisiki cha zamani palikuwa na mche usiofika goti. Ukisimama juu ya kilima unaona miaka kumi kwa wakati mmoja. Mzee mwenye shamba alikuja na glovu zake zenye utomvu, nikamwuliza maswali kama mtu wa kwetu anayemwuliza mwenzake habari za migomba. Alinieleza kwamba miche hununuliwa kwenye kitalu ikiwa na miaka mitatu au minne, hupandwa wakati theluji imekwisha, kwa nafasi ya kama mita moja na nusu. Majani hufyekwa. Kila kiangazi mti hupunguzwa matawi kwa panga refu jembamba, la sivyo hauwi na umbo la kofia ya pia. Aina wanayoipenda wateja, iitwayo Fraser, kwa asili hutoka katika vilele vya milima ya kusini, nayo haivumilii maji yaliyotuama. Ugonjwa wa mizizi ukiingia mahali, hapo hupandi tena aina hiyo. Swala wa huko hula machipukizi. Ukitoa waliokufa na walioliwa, aliyebaki hufika mita mbili baada ya miaka saba hadi kumi.

Nilimwuliza umri wake. Miaka 81. Nikamwuliza miche aliyoipanda mwezi wa Aprili ataivuna lini. Akacheka, akaelekeza kwa kidole kwa mjukuu wake aliyekuwa akiendesha trekta.

Chama cha wakulima wa miti hiyo husema kwamba nchini mwao imesimama miti ya Krismasi karibu milioni 350, na kwa mwaka huuzwa kati ya milioni 25 na 30. Maana yake, kwa kila mti unaowashwa taa sebuleni, kumi na zaidi ingali shambani. Na hesabu hizo hazina huruma kwa asiyepanda. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, wakulima wengi walipunguza kupanda kwa kukosa fedha. Mwaka ule hakuna mteja aliyeona tofauti, wala mwaka uliofuata. Upungufu ulikuja kuonekana mwaka 2016 na 2017, bei zikapanda, na wengine walishangaa kana kwamba miti imetoroka.

Tuje kwetu. Mti tunaouita wa Krismasi huku milimani ni msaiprasi, ambao nao ni mgeni: asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Umeshika sana kwa sababu hukua upesi, hutoa mbao na hufaa kwa uzio. Zipo familia zinazokata tawi kwenye uzio wao wenyewe, nalo linatosha. Wapo vijana wanaouza matawi barabarani kuanzia katikati ya Desemba. Mnunuzi huuliza bei. Sijawahi kusikia mnunuzi akiuliza linatoka wapi.

Katika usharika mmoja niliowahi kuutumikia, vijana walileta mti mzuri Jumamosi ya mwisho ya Majilio. Uliwekwa, ukapambwa kwa pamba na puto. Jumapili, baada ya ibada, tukiwa kwenye kikao cha baraza, mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu, aliinua mkono akauliza, "Mchungaji, naomba kujua. Mti huu umetoka kwa nani?" Kiongozi wa vijana alitazama chini. Ikabainika kwamba si tawi, ni ncha ya msaiprasi wa mjane mmoja, umekatwa usiku kwenye mpaka wa kihamba chake. Mama yule si wa usharika wetu, wala si wa dhehebu letu. Alikuwa ameipanda miti ile sita ili imsomeshe mjukuu. Wasiojua watasema ncha ni kitu gani. Msaiprasi uliokatwa ncha haunyooki tena, hugawanyika juu, na mnunuzi wa mbao huuacha.

Baraza lilibishana karibu saa mbili. Mmoja alisema mti uondolewe kanisani jioni ileile. Mwingine alisema ukiondolewa watu watauliza, jina la vijana litachafuka. Mwingine alisema mti ni mti tu, utaota. Yule mwalimu hakusema tena hadi mwisho, ndipo akauliza kama tutasoma zile Amri Kumi siku ya Krismasi au tutaziruka. Iliamuliwa mti ubaki, ila si kabla ya kulipwa, na si kabla ya mwenyewe kuulizwa.

Jumatatu tulikwenda watu watano: mzee yule, mwinjilisti, mtunza hazina, kiongozi wa vijana na mimi. Mwinjilisti alibeba isale. Kwa Wachaga anayekuletea jani la isale anakuomba msamaha, na si rahisi kulikataa jani hilo, hata kama una haki ya kukasirika. Kiongozi wa vijana ndiye aliyetakiwa kulikabidhi. Mama alilipokea, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mngebisha hodi tu. Ningewapa ule wa nyuma, umepinda tayari." Fedha alizikataa mara mbili akazipokea mara ya tatu, baada ya mzee kumwambia kuwa sisi ndio tunaozihitaji zitoke mikononi mwetu.

Nilipohubiri usiku wa mkesha sikulitaja jambo lile, maana mama alikuja, akakaa benchi la nyuma. Nilihubiri juu ya wachungaji wa kondoo.

Dayosisi ya Kaskazini, chini ya Askofu Dkt. Fredrick Shoo, aliyekuwa pia Mkuu wa KKKT, imejulikana kwa kuhimiza upandaji wa miti mlimani, pamoja na kuwataka watoto wa Kipaimara wapande miche kabla ya kubarikiwa. Baraza letu lilichukua wazo hilo na kulisogeza kidogo. Nyuma ya nyumba ya mwinjilisti palikuwa na kipande cha ardhi chenye mawe ambacho hata maharage yalikikataa. Wanafunzi wa Kipaimara wa mwaka uliofuata walikipanda misaiprasi 40, mstari kwa mstari, kwa nafasi aliyonieleza yule mzee wa Pennsylvania. Iliandikwa kwenye muhtasari kwamba kila mwaka utakatwa mmoja kwa ajili ya kanisa, na kwamba kwa kila utakaokatwa itapandwa miwili. Mshirika akitaka mti wa nyumbani kwake ataukata mwenyewe mchana, mbele ya mtunza hazina, na kupewa stakabadhi. Msaiprasi hauna uvivu kama miti ya kule, kwa hiyo hawakungoja miaka kumi. Wa kwanza ulikatwa baada ya miaka minne, na yule kiongozi wa vijana, ambaye sasa ana watoto wawili, ndiye aliyeshika msumeno. Mbuzi wameharibu saba hadi sasa. Baraza linatafuta fedha za uzio.